Kurekebisha programu ya hospitali bila kuigusa yote

MFANYABIASHARA anayevuka mpaka wa Malaba kila mwezi kwenda kuchukua vidonge vyake vya kupunguza makali ya Ukimwi mjini Mbale anaijua adha ya rekodi kukosekana. Karani asipoona dawa zilitolewa lini mara ya mwisho, foleni husimama, na gari la kurudi halimngoji mtu.

Katika vituo vingi vya afya nchini Uganda, rekodi hizo huwekwa kwenye UgandaEMR, mfumo uliojengwa juu ya programu huria ya OpenMRS. Mizizi yake si ya mbali. Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret, kilianza kuweka rekodi za wagonjwa kwa kompyuta. Haja ya kuupanua mfumo huo ndiyo iliyozaa OpenMRS mwaka 2004, nayo ikaanza kutumika Eldoret mwaka 2006.

Je, Wizara ya Afya ikibadilisha fomu ya ripoti, lazima programu nzima ijengwe upya? La. OpenMRS ina kiini, kisha moduli zinazochomekwa juu yake. UgandaEMR yenyewe ni kiini hicho pamoja na moduli zilizoandikwa kwa mahitaji ya Uganda.

Hapo ndipo kijana aliyerudi nyumbani Jinja kutoka Nairobi au London anapoweza kufanya kazi na laptopu yake tu. Hana haja ya kukompaili kiini. Katika faili iitwayo pom.xml huandika toleo la OpenMRS analolilenga, na chombo kiitwacho Maven humletea kiini kikiwa tayari kimekompailiwa. Hakifungwi ndani ya moduli, kwa kuwa kipo kwenye seva ya hospitali. Kinachotoka ni faili moja ya .omod, ya kubebwa hata kwa flashi. Mara ya kwanza bando litaliwa sana, maana Maven hupakua vitu vingi. Baadaye anaweza kuendelea bila mtandao.

Kujaribu ndiko kwenye uzito. Majaribio ya moduli hutumia hifadhidata ya muda, H2, inayokaa kwenye kumbukumbu ya kompyuta na kufutika yakiisha. Rekodi ya mgonjwa halisi haiguswi. Kisha kuna OpenMRS SDK, inayomwezesha kuwasha seva yake mwenyewe kwenye laptopu na kuitazama moduli ikifanya kazi.

Hata hivyo, wepesi huo usimdanganye. Moduli inaweza kubadilisha majedwali ya hifadhidata inapoanza, na kuiondoa hakuyarudishi yalivyokuwa. Nyingine hukataa kuanza kwenye toleo ambalo haikujengewa. Aijaribu kwenye toleo lile lile la kituo, na nakala ya hifadhidata iwepo kabla ya kupakia chochote.

Nani atazitunza moduli hizi ni swali la leo. UgandaEMR ilikuzwa na METS, mradi wa Chuo Kikuu cha Makerere, kwa fedha za Marekani, na Januari 2025 Washington ilisimamisha misaada mingi ya nje. Bahati nzuri, msimbo uko wazi kwa yeyote. Anayetaka kuanza achukue moduli ya ripoti, aijenge kwanza kama ilivyo kabla ya kugusa mstari hata mmoja. Ikikataa kujengeka, aangalie kwanza toleo lake la Java.