Kuogelea na Kupiga Mbizi: Uteuzi wa Miwani ya Majini

Kiswahili hutofautisha kuogelea na kupiga mbizi. Aogeleaye husalia juu ya maji. Apigaye mbizi huzama kwa kukusudia. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kuwa anayeipuuza tofauti hii anaponunua miwani huweza kuyadhuru macho yake.

Binadamu huona ukungu majini kwa sababu maji yakiligusa jicho, nuru inayoingia humo haipindi vya kutosha. Miwani hurejesha hewa mbele ya jicho, na uoni ukarudi.

Muogeleaji wa kidimbwini, hasa wa mashindano, hufawa na miwani midogo inayokaa ndani ya tundu la jicho, kwani haimpunguzii kasi. Ndani ya jengo, lenzi angavu hutosha. Baharini, jua linapomeremeta juu ya mawimbi, lenzi pana zenye kiza ni bora.

Mpiga mbizi naye, mathalani mvuvi wa kambakoche kule Lamu, ana mahitaji mengine. Katika kina cha mita 10, shinikizo huwa takriban maradufu ya lile la juu ya maji. Miwani ya kawaida haina njia ya kuongezewa hewa. Hivyo huyafyonza macho, na mishipa midogo ya damu huweza kupasuka. Barakoa inayofunika pua ndiyo kinga, maana mvaaji huipulizia hewa kwa pua.

Kabla ya kununua, miwani ibandikwe machoni bila kuvutwa ukanda. Ikishika kwa muda mfupi, imemkaa mvaaji. Hata hivyo, swali la kwanza ni lile la msamiati: ni kuogelea, au ni mbizi?