Masisi na Walikale: Diski za muziki wa msituni zilizokosa wanunuzi bado zinasikika

Leo Masisi na Walikale zinatajwa kwa koltani ya Rubaya, kasiterite ya Bisie na vita. Mwezi wa kwanza mwaka 2025 waasi wa M23 waliingia Masisi-centre, na mwezi wa tatu wakafika Walikale-centre. Lakini miaka zaidi ya 70 iliyopita, kuna wageni waliokuja mashariki mwa Kongo ya Wabelgiji wakitafuta kitu kingine kabisa: nyimbo. Walibeba mashine nzito za kunasa sauti, wakarudi kwao na kutoa diski ambazo karibu hakuna aliyezinunua.

Sababu haikuwa ubaya wa muziki. Wakati huo diski iliyokuwa na soko ni ya rumba. Mjini Leopoldville, kampuni ya Ngoma ya Mgiriki Nicolas Jeronimidis ilianza mwaka 1948, na mwaka huohuo Wendo Kolosoy akavuma na wimbo wake "Marie-Louise". Mwenye baa alitaka kitu cha kuchezesha wateja. Nani angetoa pesa yake kununua filimbi za Wanande au sauti za Wambuti wakiimba usiku porini?

Mwingereza Hugh Tracey alizinasa tu. Mwaka 1952 alizunguka Kongo na Rwanda na gari lake, akishika maikrofoni kwa mkono na kuisogeza kwa mwimbaji mmoja, kisha kwa mwingine. Mwaka 1954 alianzisha maktaba ya muziki wa Afrika inayoitwa ILAM, kule Afrika Kusini, na kazi yake ikatoka katika mfululizo wa "Sound of Africa", diski 210. Hizo hazikuwa za dukani. Zilinunuliwa na vyuo vikuu na makumbusho, zikawekwa kwenye rafu, na wengi wa walioimba ndani yake hawakuwahi kuwa na mashine ya kuzipigia.

Miaka mingi baadaye Michael Baird, mzaliwa wa Lusaka anayeishi Uholanzi, alichambua kazi hiyo na kuitoa upya katika CD kupitia kampuni yake ndogo ya SWP. Mbili kati yake zinatugusa sisi moja kwa moja. Moja inaitwa "On the Edge of the Ituri Forest", yenye Wabudu, Wanande na Wambuti. Nyingine ni "At the Court of the Mwami", ya Rwanda. Ukiziweka kwenye ramani, moja iko kaskazini na nyingine mashariki. Masisi na Walikale zimebaki katikati, kama nyumba ambayo mpiga picha ameipita akipiga picha za majirani.

Hata hivyo, mtu wa Masisi akisikiliza CD ile ya Rwanda hatajiona mgeni. Kuanzia mwaka 1937 hadi 1955, Wabelgiji waliwaleta Wanyarwanda wengi Masisi, hasa Gishari, kufanya kazi katika mashamba ya wazungu. Walikuja na nyimbo zao na inanga yao katika nchi ya Wahunde, ambao nao walikuwa na ngoma zao. Mambo ya ardhi na utawala yaliyotoka hapo yanajulikana na kila mtu, na bado yanaumiza. Kwa muziki, ni historia ambayo ingestahili diski yake yenyewe.

Kwa upande wa Walikale, kazi kubwa ilifika kwetu kama kitabu. Mwaka 1956, katika kijiji cha Bese, msimulizi wa Kinyanga Shé-Kárisi Rureke alimsimulia Mbelgiji Daniel Biebuyck hadithi ya Mwindo, yule mtoto aliyezaliwa akitembea na kuongea, ambaye baba yake Shemwindo, mkubwa wa Tubondo, alitaka kumwua. Kazi ilichukua siku 12. Rureke hakukaa tu na kusema. Aliimba, akacheza, akaigiza, akitikisa kibuyu cha manyanga na njuga miguuni, huku vijana watatu wakipiga mti kwa fimbo kushika mdundo. Watu walioketi hapo waliitikia na kumpa zawadi.

Mwaka 1969 chuo kikuu cha California kilichapa maneno hayo kwa Kinyanga na Kiingereza. Biebuyck alifanya kazi hiyo pamoja na Kahombo Mateene, mtaalamu wa lugha ambaye ni Mnyanga mwenyewe, na ambaye baadaye aliongoza ofisi ya lugha ya OUA mjini Kampala. Leo Mwindo anasomwa na wanafunzi wa Marekani kuliko wa Walikale. Na wanachosoma ni maneno peke yake: njuga na vijana watatu wanatajwa katika utangulizi, basi.

Je, Rureke angeingia kwenye diski? Diski ya zamani ya mizunguko 78 ilibeba dakika kama tatu kila upande. Ndiyo maana nyimbo nyingi za Tracey zinakatika pale ambapo kijijini watu ndiyo kwanza wanapata joto. Diski ndefu iliyofuata ilibeba dakika kama 45 pande zote mbili. Tukikisia kwamba Rureke alisimulia saa tatu tu kwa siku, zingehitajika diski 48. Hakuna kampuni ya biashara ambayo ingekubali, na kwa kweli ni vigumu kuilaumu.

Aliyekaribia wazimu wa namna hiyo alikuwa Moses Asch wa New York, mwenye Folkways. Alianza mwaka 1948, na hadi alipokufa mwaka 1986 alikuwa ametoa albamu zaidi ya 2,000. Msimamo wake ulikuwa kwamba albamu haifutwi kwenye orodha kwa sababu tu haiuzwi. Ndiye aliyetoa kazi ya Colin Turnbull na Francis Chapman waliyoinasa kwa Wambuti wa Ituri: "Music of the Ituri Forest" mwaka 1957, na "The Pygmies of the Ituri Forest" mwaka 1958. Kitabu cha Turnbull, "The Forest People", kilisomwa duniani kote. Diski zilibaki kwa wataalamu.

Kisha likatokea jambo la kushangaza. Mwaka 1977 Marekani ilirusha vyombo viwili vya anga, Voyager 1 na 2, kila kimoja kikiwa na diski ya dhahabu yenye muziki wa dunia, vipande 27. Kimoja kati ya hivyo ni wimbo wa wasichana Wambuti wakiingizwa utu uzima, ulionaswa na Turnbull katika nchi iliyoitwa Zaire wakati huo. Unachukua sekunde 56. Tangu mwaka 2012 Voyager 1 iko nje ya eneo la jua letu. Wimbo uliokosa wanunuzi duniani umefika mbali kuliko rumba yoyote, ingawa wasichana wale hawakuulizwa.

Swali la nani anarudishiwa nini bado liko wazi. Kenya imepata jibu kidogo: katika miaka ya 2010, ILAM ilishirikiana na Wakenya kupeleka sauti za Tracey kwa Wakipsigis wa Bonde la Ufa, na baadhi ya wazee waliowahi kurekodiwa walijisikia wenyewe. Huku kwetu haraka ni kubwa zaidi. Kijiji kikikimbia, wazee wanatawanyika, mmoja Goma, mwingine kwa ndugu, mwingine porini, na wimbo wa watu kumi hauimbwi na mtu mmoja. Vijana wana simu zinazonasa sauti vizuri kuliko gari zima la Tracey, lakini kadi memori zao zimejaa nyimbo za Kinshasa na Lagos.

Kwa anayetaka kusikiliza: baada ya Asch kufa, taasisi ya Smithsonian ya Washington ilinunua Folkways mwaka 1987 kwa sharti kwamba albamu zote ziendelee kupatikana. Diski mbili za Ituri ziliunganishwa katika CD mwaka 1992, "Mbuti Pygmies of the Ituri Rainforest", na zinapatikana kwenye intaneti. Orodha ya ILAM pia iko wazi kwenye intaneti, na inaweza kutafutwa kwa jina la nchi na la lugha.