Lubumbashi: mpaka tunaouvuka kila siku

Bandugu, mimi ni mtoto wa Kamalondo. Miaka yote ya chuo kikuu nilienda mjini kwa mguu, bila kujua kama pale njiani kulikuwa mpaka.

Mji wetu ulianzishwa mwaka 1910, wakauita Élisabethville. Wabelgiji walijenga upande wao, weusi wakawekwa mu cité. Katikati waliacha nafasi tupu ya mamia ya mita, zone neutre. Sababu waliyotoa ni afya: eti mbu asitoe malaria kwetu na kuipeleka kwao. Lakini asubuhi boyi alivuka kwenda kuwapikia na kulea watoto wao, na hakuna aliyeogopa mbu. Usiku ndipo mtu mweusi alikatazwa kuonekana kule bila karatasi.

Tarehe 9 Desemba 1941, wafanyakazi wa Union Minière waliogoma juu ya mshahara walikusanyika kwenye uwanja wa mpira. Askari wakawapiga risasi. Léonard Mpoyi, aliyekuwa anasema kwa niaba ya wenzake, aliuawa pale, na wengine wengi pamoja naye.

Juu ya nini ninaandika hii? Siku nilipopata diploma nilimwambia mdogo wangu: "Sasa nitatoka cité, niende kukaa mjini kama mtu." Kama mtu! Nani alinifundisha kama Kamalondo hakukai watu?

Zone neutre ingali mu kinywa changu. Bandugu, tuulize wazee wetu ile walisikia na kuona, wakati wangali nasi.