Françoise Mbango na mizani ya haki

Imesimuliwa kwamba Mtume wetu Muhammad (S.A.W.) alishindana mbio na mkewe, Mama wa Waumini Bibi Aisha (R.A.), akashindwa, na baada ya muda wakashindana tena akamshinda. Hivyo tusishangazwe kuona ukurasa huu wa Ijumaa ukizungumzia uwanja wa riadha. Suala la mavazi ya wanariadha wa kike tunalijua, nalo lina siku yake. Leo tunazungumzia mizani.

Françoise Mbango Etone alizaliwa Yaoundé, Kameruni, mwaka 1976. Mchezo wake ni miruko mitatu: mrukaji hukimbia, hukanyaga ubao, hutua kwa mguu uleule, huruka tena na kutua kwa mguu wa pili, kisha hujitupa mchangani. Akivuka mstari wa ubao japo kwa ncha ya kiatu, bendera nyekundu hupandishwa na jitihada yote huwa si kitu.

Kwa miaka mingi alikuwa mtu wa nafasi ya pili. Alipata fedha katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mwaka 1998 na tena mwaka 2002, fedha katika mashindano ya dunia ya Edmonton mwaka 2001, na fedha nyingine ya dunia mjini Paris mwaka 2003. Subira hiyo ilizaa matunda Athens mwaka 2004, aliporuka mita 15.30 na kuwa mwanamke wa kwanza wa Kameruni kupata medali ya Olimpiki, nayo ikawa ya dhahabu. Nyuma yake walikuwa Hrysopiyi Devetzi wa Ugiriki na Tatyana Lebedeva wa Urusi.

Kisha akakaa kando ya mashindano, akasoma Marekani, akajifungua mtoto. Katika jamii zetu wako wanaoamini kwamba mwanamke akishazaa, nguvu zake zimekwisha. Mbango alirejea, na Agosti 2008 mjini Beijing akaruka mita 15.39, rekodi mpya ya Olimpiki. Lebedeva akaruka 15.32 na Devetzi 15.23. Wanawake walewale watatu wakapanda jukwaani kwa mara ya pili, mshindi na wa pili wake wakitenganishwa na sentimeta saba tu.

Hapa ndipo tunapopataka. Sampuli za wanamichezo wa Beijing zilihifadhiwa, na miaka ilipopita zikapimwa upya kwa mbinu bora zaidi. Mwaka 2016 Devetzi alivuliwa medali yake ya shaba ya Beijing, na mwaka 2017 Lebedeva akavuliwa ya fedha, wote kwa sababu ya dawa zilizokatazwa. Qur'ani Tukufu ina sura nzima, ya 83, inayoitwa kwa jina la wapunjao vipimo. Wengi wetu tukiisoma humfikiria muuza mchele sokoni na pishi yake. Lakini mchanga wa uwanjani nao hupimwa kwa utepe, na anayeongeza sentimeta kwa sindano amempunja mwenzake kama yule wa sokoni.

Aliyepunjwa yupo, tena kwa jina. Olga Rypakova wa Kazakhstan aliondoka Beijing akiwa wa nne, mikono mitupu, ilhali fedha ilikuwa haki yake. Haki ilimfikia, lakini ile siku ya kusimama jukwaani mbele ya watu wake haikurudishwa.

Mbango alichukua uraia wa Ufaransa mwaka 2010, akaivalia jezi nchi hiyo katika miaka yake ya mwisho ya kuruka. Rekodi yake ya Olimpiki ilidumu hadi mwaka 2021, Yulimar Rojas wa Venezuela aliporuka mita 15.67 mjini Tokyo. Hata hivyo, hadi michezo ya Paris ya mwaka 2024 inamalizika, hakuna mwanamke mwingine aliyekuwa ametwaa dhahabu ya miruko mitatu mara mbili.