Pamba Jiji isitafute mkombozi, itengeneze njia ya mpira

Shabiki wa soka wa Sengerema anaishi katikati ya klabu mbili ambazo, zikitazamwa pamoja, zinajibu swali linaloibuka kila dirisha la usajili linapofunguliwa: Pamba Jiji ifanye nini ili ifunge mabao mengi zaidi? Ukivuka Busisi kuelekea Mwanza unaikuta Pamba, TP Lindanda, iliyorejea Ligi Kuu mwaka 2024 baada ya kukaa nje miaka 23. Ukishika barabara ya upande wa pili unaikuta Geita Gold, iliyopanda mwaka 2021, ikamaliza msimu wake wa kwanza ikiwa nafasi ya nne, kisha ikashuka mwaka ule ule Pamba ilipopanda. Vijiweni jibu ni moja: itafutwe namba tisa. Hoja yangu ni tofauti. Safu ya ushambuliaji ya Pamba haitatengemaa kwa kumleta mfungaji tu. Itatengemaa pale timu itakapojenga njia ya kuufikisha mpira kwa mfungaji, na ujenzi huo unaanzia kwa viungo na mabeki wa pembeni.

Tuanze na yaliyotokea. Msimu wa 2024/25 Pamba ilifungua ligi kwa suluhu na Tanzania Prisons kwenye Uwanja wa CCM Kirumba, ikacheza mechi saba za mwanzo bila ushindi, na Oktoba kocha Goran Kopunović akaondoka. Timu ilinusurika kushuka, lakini lawama za miezi ile ziliwaangukia zaidi washambuliaji. Miongoni mwao alikuwamo George Mpole, na hapo ndipo ushahidi wa Geita unapoingia. Msimu wa 2021/22, akiwa na Geita Gold chini ya kocha Fred Felix Minziro, Mpole alikuwa mfungaji bora wa Ligi Kuu kwa mabao 17. Alimzidi kwa bao moja Fiston Mayele, aliyekuwa akiichezea Yanga, mabingwa wa msimu huo. Alipovaa jezi ya Pamba hakuikaribia hesabu hiyo. Ni kweli mchezaji huchuja, na miaka mitatu ni mingi kwa mshambuliaji. Hata hivyo, mtu aliyewahi kuwa mfungaji bora wa nchi hasahau lango lilipo. Kilichobadilika zaidi ni timu iliyomzunguka: aina ya mipira aliyopata, mahali alipoipatia, na idadi ya watu walioingia naye kwenye eneo la penalti.

Itazame kwa karibu krosi moja ya kawaida katika ligi yetu. Beki wa kulia anapokea mpira hatua chache baada ya kuvuka mstari wa kati. Winga wake amesimama, hakuna kiungo aliyesogea kumpokea, basi anapiga mpira mrefu wa juu kuelekea langoni. Mshambuliaji yuko peke yake kati ya mabeki wawili wa kati wanaoutazama mpira ukija usoni mwao, ilhali yeye amelipa lango mgongo. Akiugusa kwa kichwa, utakuwa mguso hafifu. Asipougusa, jukwaa zima linamzomea. Sasa geuza shambulio hilo hilo. Kiungo anampa winga pasi ya ukutani, beki anapita nje yake mpaka karibu na mstari wa lango, kisha anarudisha mpira wa chini kuelekea nukta ya penalti. Mabeki wanakimbia wakiwa wamelielekea lango lao wenyewe, na mshambuliaji anakuja akiutazama mpira na lango kwa pamoja. Mfungaji ni yule yule, ila nafasi aliyopewa ina thamani mara kadhaa. Takwimu za soka duniani zinaonyesha pengo hilo wazi: penalti huingia takriban mara tatu kati ya nne, lakini katika mashuti 100 yanayopigwa nje ya eneo la penalti huingia matatu au manne hivi. Timu inayotaka mabao inapaswa kwanza kubadilisha mahali inapopigia mpira.

Orodha ya wafungaji bora wa Ligi Kuu nayo inatoa ushahidi. Msimu wa 2022/23 Mayele aligawana nafasi ya kwanza na Saidi Ntibazonkiza, mabao 17 kila mmoja, na Ntibazonkiza aliuanza msimu huo Geita Gold kabla ya kuhamia Simba. Msimu wa 2023/24 Stephane Aziz Ki wa Yanga alifunga 21, akifuatiwa na Feisal Salum wa Azam aliyefunga 19. Msimu wa 2024/25 alikuwa Jean Charles Ahoua wa Simba, mabao 16. Ukimwondoa Mayele, wote hao ni viungo washambuliaji. Misimu mitatu mfululizo kileleni hakukosekana mtu anayetokea nyuma ya namba tisa, anayepokea mpira akiwa amelitazama lango, na ambaye mara nyingi ndiye anayekabidhiwa faulo na penalti. Wakati klabu nyingi zinatumia bajeti zao kumsaka mtu wa mwisho katika shambulio, mabao ya ligi yetu yamekuwa yakizaliwa kwa mtu wa kabla yake.

Watakaopinga watataja majina mazito. Meddie Kagere alifunga 23 msimu wa 2018/19 na 22 msimu uliofuata; je, si uthibitisho kwamba mshambuliaji halisi hubadilisha timu? Kagere alikuwa hodari kweli, na hakuna hoja inayoweza kumpunguzia sifa hiyo. Lakini mabao yale aliyafunga katika Simba ya Clatous Chama, timu iliyomiliki mpira karibu kila mechi na kumpelekea pasi za mwisho bila kukoma. Alipohamia Singida hakurudia idadi zile. Taifa Stars inatupa mfano ulio wazi zaidi. Mbwana Samatta, akiwa na Genk, alifunga mabao 23 katika Ligi Kuu ya Ubelgiji msimu wa 2018/19, akaibuka mfungaji aliyeheshimiwa na mabeki wa huko. Kwenye fainali za AFCON zilizochezwa Ivory Coast Januari 2024, Stars ikiwa naye pamoja na Simon Msuva, ilifunga bao moja tu katika mechi tatu, lile la Msuva dhidi ya Zambia. Mtu akisema Samatta hajui kufunga, ajibiwe kwa takwimu za Genk. Tatizo lilikuwa kwamba mpira haukumfikia mahali anapojua kuutumia.

Kwa hiyo Pamba ifanye nini? Kwanza, fedha ya usajili iende kwa kiungo mchezeshaji na kwa beki wa pembeni mwenye pumzi na mguu mzuri, kabla ya kufikiria mshambuliaji mwingine. Pili, wakishapatikana wachezaji watano au sita wa kushambulia, waachwe wacheze pamoja. Pasi ya haraka mbele ya lango hutokana na kujuana, na kujuana hakupatikani kwa kikosi kinachobadilishwa kila wiki. Tatu, mipira iliyokufa ipewe saa zake mazoezini, pamoja na kocha anayewajibika nayo. Arsenal ya Uingereza, yenye fedha ya kununua karibu mshambuliaji yeyote, ilifunga mabao 16 ya kona katika ligi msimu wa 2023/24 kwa sababu ilimwajiri Nicolas Jover kuifanya kazi hiyo. Kwa klabu yenye bajeti ndogo hakuna bao la bei nafuu zaidi ya hilo: linahitaji mpigaji mmoja mzuri, wakimbiaji wanne wanaojua njia zao, na mazoezi ya kurudiwa mpaka mwili ukariri.

Pingamizi la pili ni la muda, nalo ni zito zaidi. Ligi haingoji. Mwanza iliona Toto Africans ikishuka mwaka 2017, kisha Mbao na Alliance zikashuka pamoja msimu wa 2019/20. Kagera Sugar iliposhuka mwaka 2025, Pamba ikabaki timu pekee ya Kanda ya Ziwa katika Ligi Kuu. Kiongozi aliyeyaona hayo ana haki ya kuogopa, na hofu ndiyo humsukuma kumsajili mshambuliaji dirisha dogo, atie saini Januari na atarajiwe kufunga Februari. Lakini njia hiyo ndiyo ya hatari. Mgeni anayeingia katikati ya msimu, kwenye timu isiyotengeneza nafasi, hupewa mechi chache kabla ya kuhukumiwa, na fedha inakuwa imekwenda. Kona zinaweza kuanza kufanyiwa kazi wiki hii. Beki wa pembeni aliyepo anaweza kufundishwa kupita hadi mstari wa lango ndani ya mwezi. Marekebisho ya haraka ni yale yanayofanyika uwanjani na wachezaji waliopo.

Wapo pia wanaosema viungo wabunifu hawashikiki, kwamba Simba, Yanga na Azam huwachukua mara tu wanapong'aa. Ni kweli, na ndiyo maana klabu ya mkoani inahitaji chanzo chake yenyewe. Mbao ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2017 na kuisumbua Simba kabla ya kufungwa nayo 2-1 pale Dodoma. Vipaji vya ukanda huu si vya kubahatisha. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lenye kilomita 3 lilipofunguliwa Juni 19, 2025, kijana wa Sengerema au Buchosa hategemei tena ratiba ya kivuko ili awahi mazoezi Mwanza. Pamba iwatumie walimu wa michezo wanaosimamia mashindano ya shule ya UMITASHUMTA na UMISSETA, na iwaambie bayana inachotafuta. Isiwe mrefu mwenye shuti kali pekee. Itafute mtoto anayegeuza shingo kuangalia pande zote kabla mpira haujamfikia, na anayeona pasi ambayo wenzake hawajaiona. Akiuzwa Dar es Salaam baada ya misimu miwili, ada yake ilee watatu wengine.

Uongozi wa Pamba na benchi la ufundi wana kipimo rahisi cha kuanzia. Kabla ya kujadili jina la mshambuliaji yeyote mpya, waketi na video za mechi zao kumi za mwisho wahesabu ni mara ngapi mshambuliaji wao alipokea mpira ndani ya eneo la penalti akiwa amelitazama lango. Ikiwa ni mara nyingi na bado hakufunga, basi wamtafute mwingine, na hakuna atakayewalaumu. Ikiwa ni mara moja au mbili kwa mechi, wajue kwamba hata angesajiliwa mfungaji bora wa Afrika angezomewa Kirumba kama waliomtangulia. Mashabiki wanaotoka ng'ambo ya ghuba kwa nauli zao wanastahili timu inayofanya hesabu hiyo kwanza, kisha ndiyo itumie fedha.