Kupausha, kusugua au kufunika: tiba za meno ya kahawia Arusha

Madoa ya kahawia kwenye meno ya wengi waliokulia kandokando ya Mlima Meru hutokana na floraidi, madini yanayoyeyuka kutoka kwenye miamba ya volkano na kuingia katika chemchemi na visima. Shirika la Afya Duniani linashauri floraidi katika maji ya kunywa isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Baadhi ya vyanzo vya Arumeru huvuka 10. Kuchemsha hakusaidii, kwani maji hupungua na floraidi hubaki. Anayeathirika ni mtoto ambaye meno yake ya ukubwani bado yanajengwa ndani ya taya. Mtu mzima aliyehamia Arusha hapati madoa hayo hata akinywa maji yaleyale.

Floraidi yenyewe haina rangi. Huizuia enameli, ganda gumu la jino, isikomae, ikabaki na vitundu visivyoonekana kwa macho. Jino huota likiwa na weupe wa chaki; ukahawia huingia baadaye kwa chai na vyakula, na mashimo hutokea enameli hiyo dhaifu inapomeguka kwa kutafuna. Thylstrup na Fejerskov, watafiti wa Denmark, walilieleza jambo hili mwaka 1978 baada ya kuchunguza watoto wa Tanzania waliokunywa maji yenye floraidi ya miligramu 3.5, 6 na 21 kwa lita. Kipimo chao cha daraja 0 hadi 9 sasa hutumika duniani kote, na ndicho kinachopaswa kuongoza uchaguzi wa tiba, si tangazo la meno meupe.

Daraja 1 na 2, penye mistari na mawingu meupe, kupausha kwa dawa ya peroksaidi kwa kawaida hutosha. Dawa haiondoi weupe wa chaki. Hung'arisha sehemu nyingine hadi tofauti isionekane sana.

Doa la kahawia lililo karibu na uso huondolewa vizuri zaidi kwa kusugua. Ufizi hukingwa kwa mpira, kisha mchanganyiko wa asidi hidrokloriki na unga wa kukwaruza husuguliwa kwa kikombe cha mpira kinachozungushwa polepole na mashine. Kazi ikifanywa kwa kiasi, sehemu ndogo tu ya milimita huondoka, wakati enameli ya jino la mbele ina unene wa takriban milimita 1. Kwa doa la kahawia lisilo na shimo, hii ndiyo tiba ya kujaribu kwanza. Mkaa na mchanga wa nyumbani hukwaruza jino zima bila mpaka.

Kuanzia daraja la 5 kuna mashimo, na kusugua hakuwezi kurudisha kilichomeguka. Hapo hutumika kompositi, utomvu mgumu wa rangi ya jino, au kigamba chembamba cha kaure kinachobandikwa mbele. Ugumu uko kwenye kubandika: enameli yenye floraidi nyingi hailiki kirahisi kwa asidi ya kuandalia uso, hivyo tabaka la juu hukwanguliwa kidogo kwa ncha ya almasi, au muda wa asidi huongezwa. Hatua hiyo ikirukwa, kigamba hubanduka mapema.

Daraja 8 na 9, enameli nyingi ikiwa imekwisha, jino huhitaji kuvikwa kofia. Kuchonga kwa ajili ya kofia hakurudishwi nyuma, na kwa kijana chumba cha neva bado ni kipana na ncha inaweza kukifikia. Kwa hiyo hujengewa kompositi kwanza, na kofia husubiri utu uzima.