Daftari la Kujipima Nafsi

Katika mikutano yetu ya vijijini neno "uongozi" halikosekani. Kila asimamaye kuomba kura za chama cha ushirika au za kamati ya shule husema kwamba yeye ni kiongozi, na ya kuwa shabaha yake ni maendeleo. Mimi nami nilisema hivyo miaka minne iliyopita, nilipochaguliwa kuwa katibu wa chama cha wauza maziwa huko kwetu. Mimi ni karani wa serikali. Kazi yangu ni kuandika barua na kutunza majalada. Basi wazee waliona kwamba mtu wa namna hiyo hawezi kushindwa na hesabu za maziwa. Walikosea, nami napenda kueleza jinsi walivyokosea, maana huenda msomaji naye amechaguliwa kwa sababu kama hiyo.

Desturi yetu ni hii. Kila mwenye ng'ombe ana kadi yake, na kila asubuhi maziwa yake yakiisha kupimwa, idadi ya lita huandikwa katika kadi. Kadi ikijaa hupewa nyingine, na ile ya kwanza huletwa kwa katibu ili ainakili katika kitabu kikubwa. Mwezi mmoja, kadi ya mzee mmoja mwenye ng'ombe wawili tu ilijaa tarehe 9. Ililetwa kwangu siku ya Jumamosi, nami nikaiweka mahali, nikijua kwamba nitapakumbuka. Sikupakumbuka. Mwisho wa mwezi mzee yule alilipwa maziwa ya siku zilizobaki, na zile siku tisa hazikuwamo. Kwa upungufu huo hakuweza kumaliza karo ya binti yake, na yule mtoto akarudishwa nyumbani. Alikaa wiki mbili akichunga ng'ombe wale wale, hata nilipoiona kadi ndani ya gazeti la zamani nililokuwa nikifungia viatu.

Hapana aliyenishitaki. Mwenyekiti wetu, mtu mzima asiyesoma sana, alinijia jioni akaketi, akaniambia, "Mwanangu, hapana asemaye kwamba umeiba. Lakini mtoto yule hakurudishwa nyumbani na mwizi. Umemrudisha wewe." Nilimjibu, "Nimekosa, Mzee," wala sikuwa na neno jingine la kusema.

Katika siku hizo nilikuwa na kitabu cha maisha ya Benjamin Franklin, ambacho aliandika yeye mwenyewe. Alianza kukiandika mwaka 1771, akiwa na umri wa miaka 65. Wengi wamlijua jina lake kwa sababu ya majaribio yake juu ya umeme, au kwa kuwa alikuwa mmoja wa waliotia sahihi Tangazo la Uhuru wa Marekani mwaka 1776. Mimi nilivutwa na mambo ya ujana wake. Alizaliwa Boston mwaka 1706, wakati nchi ile ilipokuwa bado chini ya Uingereza. Baba yake alikuwa mtengeneza mishumaa na sabuni, naye alikuwa mtoto wa 15 kati ya watoto 17. Shule alipata miaka miwili tu. Akiwa na miaka 12 alifungwa kwa mkataba kujifunza kazi ya kupiga chapa kwa kaka yake, na akiwa na miaka 17 alimtoroka kaka huyo akaenda Philadelphia. Ili apate kununua vitabu aliacha kula nyama, akamwomba kaka yake ampe nusu tu ya fedha za chakula ajilishe mwenyewe. Na katika nusu hiyo alibakiza nusu nyingine ya kununulia vitabu. Sina hakika kwamba kijana wa mkahawa wa siku hizi atapenda hesabu hiyo.

Alipokuwa bado kijana katika miaka ya ishirini, aliazimia jambo kubwa mno, yaani kuishi bila kosa lolote. Aliandika orodha ya tabia njema ambazo alizihitaji, kama kiasi katika kula na kunywa, ukimya, utaratibu, kutimiza aliloazimia, kutotapanya mali, bidii, unyofu, haki, usafi, na nyinginezo. Zilikuwa 12. Alimwonyesha rafiki yake mmoja wa madhehebu ya Quaker, ndiyo yale ya Friends ambayo wamisionari wake walifika Kaimosi mwaka 1902. Rafiki huyo alimwambia kwa upole kwamba watu humwona ni mwenye kiburi, na kwamba katika mazungumzo hatosheki na kuwa na haki bali hutaka kumwangusha mwenzake. Tena alimtajia mifano. Franklin akaongeza la 13, unyenyekevu.

Kisha alitengeneza daftari dogo. Kila ukurasa aliupiga mistari saba ya kusimama kwa siku za juma, na 13 ya kulala kwa tabia zile. Jioni alijihoji, na kila alipokosa alitia nukta nyeusi katika chumba cha siku ile. Hakujaribu kuzishinda zote pamoja. Juma moja alitazama moja zaidi ya zote, nyingine akiziacha ziende kama kawaida lakini akizitia nukta vile vile. Kwa hivyo zamu nzima ilikwisha kwa majuma 13, naye aliweza kuirudia mara nne kwa mwaka. Alifuta nukta za zamani mara nyingi hata karatasi ikatoboka, ikambidi kuhamishia orodha katika vibao vyembamba vya pembe za ndovu vilivyoweza kufutwa kwa sifongo yenye maji. Jambo hili linanifurahisha sana, kwamba mtu mkubwa alitoboa karatasi kwa kufuta makosa yake.

Tabia iliyomshinda kabisa ilikuwa utaratibu. Nilipofika hapo nilikifunga kitabu kidogo, nikakifungua tena. Anasema kwamba alikuwa na kumbukumbu nzuri mno, kwa hiyo hakuona hasara ya kutoweka vitu mahali pake. Ndiyo hasa hali yangu. Mtu mwenye kumbukumbu nzuri huamini kwamba kichwa chake ni kabati, mpaka siku moja kabati lisifunguke. Tena ametoa mfano wa mtu aliyenunua shoka kwa mhunzi, akataka lote ling'ae kama makali yake. Mhunzi alikubali kulinoa, ila mwenye shoka azungushe gurudumu la kinoo. Yule mtu alizungusha na kuzungusha, jasho likamtoka, mwisho akasema atalichukua vivyo hivyo. Mhunzi akamwambia aendelee, maana sasa lina madoadoa tu. Mtu akajibu kwamba, kwa kweli, lenye madoadoa ndilo alipendalo. Franklin asema watu wengi huishia hapo, naye mwenyewe alijaribiwa kuishia hapo.

Sasa tuje kwenye uongozi wenyewe. Franklin hakuwa msemaji hodari. Alisitasita katika kuchagua maneno, na hotuba zake hazikuwa za kusisimua. Hata hivyo mashauri yake yalifuatwa katika mabaraza kwa miaka mingi, naye aliona sababu ni ile tabia ya 13. Alijikataza maneno kama "hakika" na "bila shaka" katika mabishano, akasema badala yake "naona hivi" au "kwa sasa yaonekana kwangu." Hata chama cha mazungumzo alichokianzisha na wenzake mwaka 1727 kilitoza faini ndogo kwa mwanachama aliyesema kwa ukali wa kujiona. Na mwaka 1787, alipokuwa na miaka 81 katika mkutano wa kutunga katiba ya Marekani, aliandika hotuba ambayo mwenzake alimsomea kwa kuwa yeye hakuwa na nguvu. Ndani yake alikiri kwamba katiba ile ina sehemu asizozikubali, lakini umri umemfundisha kubadili mawazo aliyodhani ni sahihi, na akawaomba wengine nao wayatilie shaka kidogo mawazo yao. Mimi nimekaa katika mikutano ya ushirika ambamo watu wawili walibishana saa tatu juu ya bei ya ndoo, na hapana hata mmoja aliyesema "naona."

Hata hivyo hainipasi kumfanya Franklin mtakatifu. Katika orodha yake imo haki. Na katika nyumba yake walikuwamo watumwa, watu weusi, na katika gazeti alilolipiga chapa zilitoka matangazo ya kuuza watumwa, naye alilipwa fedha za matangazo hayo. Jioni kwa jioni alitazama safu ya haki, na kwa miaka mingi hakuona nukta hapo. Baadaye alibadilika. Mwaka 1787 alikuwa rais wa chama cha Pennsylvania cha kupigania kukomeshwa kwa utumwa, na Februari 1790 alitia sahihi ombi kwa Bunge la Marekani la kutaka utumwa ukomeshwe. Alikufa Aprili mwaka ule ule. Jambo hili lilinisumbua kuliko yote katika kitabu, kwa sababu laonyesha kwamba daftari haliwezi kuona asichotaka kuona mwenye daftari. Kiburi chake kilionekana kwa sababu rafiki alimwambia. Juu ya watumwa, walikuwapo katika mji ule ule Waquaker waliosema waziwazi kwamba ni dhambi, lakini ilichukua muda mrefu mno kabla hajawafuata.

Kwa sababu hiyo daftari langu halikufuata la kwake kwa kila kitu. Nilinunua la shilingi chache, lenye jalada gumu, nikapiga mistari saba; lakini tabia sikuweka 13. Kwa mtu mwenye kazi ya ofisi, shamba na chama, 13 ni nyingi, naye mwenyewe alikiri kwamba akiwa safarini na katika shughuli nyingi aliliacha daftari. Mimi nimeandika nne. Ya kwanza ni utaratibu, yaani kadi ikifika mkononi mwangu inakiliwa kabla sijala. Ya pili ni kufika saa iliyosemwa. Ya tatu ni kusikiliza mtu mpaka amalize. Ya nne sikuiandika mimi. Nilimpelekea mwenyekiti daftari, nikamwomba ataje kosa langu ambalo silioni. Alifikiri kwa muda, akasema, "Wewe huwacheka wasiojua kusoma kadi zao." Nilikana papo hapo. Mke wangu, aliyekuwa akileta chai, alisema kwamba ni kweli.

Kwa msomaji atakaye kujaribu, neno moja la kazi: usitie nukta asubuhi ya pili, maana usingizi husamehe mengi. Tena kila mwisho wa mwezi mpe mtu mwingine akusomee kurasa zako, mtu ambaye humlipi mshahara wala hakuogopi.

Safu ya kufika kwa saa sasa ni nyeupe karibu yote. Safu ya kucheka ina nukta moja au mbili kwa mwezi. Utaratibu bado una madoadoa, na juma lililopita ulikuwa na nukta tatu, ingawa hakuna kadi iliyopotea tena. Yule mzee wa ng'ombe wawili hakungoja nijirekebishe. Alinunua daftari lake, na binti yake, ambaye alirudi shuleni muhula uliofuata, humwandikia lita za kila siku. Jumamosi huja nalo ofisini kwa chama, akaketi karibu nami bila kusema mengi, tukasoma mstari kwa mstari, lake na kitabu changu kikubwa. Jumamosi iliyopita tulipitana kwa nusu lita. Tulirudia kutoka juu, na kosa lilikuwa langu.